Matairi Mapya ya Baba Nyakio

Mume wangu alichukua muda mrefu zaidi kuchagua matairi kuliko kunichagua mimi.

Huo ulikuwa utani wake mwenyewe. Aliupenda sana, nami nikauvumilia.

Sasa sikieni ajabu. Siku pikipiki yake iliporudishwa, ilikuja imelazwa juu ya mkokoteni, na yale matairi yalikuwa bado na vinyweleo vyake. Mnavijua? Vile vijiuzi vyembamba vya mpira ambavyo tairi jipya huwa navyo ubavuni, ambavyo watoto hupenda kuving'oa.

Matairi mapya kabisa. Mwenyewe hayupo.

Na huyo alikuwa mtu mwangalifu kuliko wote niliopata kuwajua. Watu wakauliza, iliwezekanaje? Mimi pia niliuliza, na jibu nililipata mahali ambapo sikulitafuta.

Nimelinyamazia tangu nikiwa mke kijana mpaka leo, ninapoitwa nyanya. Wale ambao lingewaumiza wamekwishazikwa. Mjukuu wangu Idah ananisaidia na hii simu, basi nasema.

Jina langu Kadii.

Ilikuwa miaka ya themanini, kabla Kilifi haijapata daraja, wakati kila mtu alivuka kwa feri. Tulipanga chumba Muyeye, Malindi. Mume wangu Nahashon alikuwa mtu wa Nyeri, alikuja pwani kutengeneza pampu za maji za mahoteli, akanikuta, hakurudi tena.

Tulikuwa na mtoto mmoja, Nyakio, jina la mama yake Nahashon. Wa pili alikuwa tumboni.

Shida yetu ilikuwa moja tu. Baba yangu.

Baba yangu Garama alikuwa mgema wa mnazi, nyumbani kwetu Dabaso, ndani kidogo kutoka barabara kubwa. Hakuwa mkali. Hakuwahi kumtukana Nahashon. Alisema neno moja, basi: "Sijaona watu wake."

Kwa baba, mwanamume hajiozeshi mwenyewe. Lazima wazee wake waje, wakae mkekani, waonje tembo la mnazi, waseme sisi ndio wenye kijana huyu. Mpaka siku hiyo, Nahashon hakuwa mkwe. Na kwa kuwa hakuwa mkwe, baba hakujua amwite nani. Kwa hiyo hakumsemesha.

Tukienda kusalimia, baba alikuwa ananigeukia mimi.

"Kadii, mwambie mgeni wako maji ya kuoga yako tayari."

Nahashon ameketi hapo hapo, goti lake karibu liguse la baba.

"Mwambie baba ahsante."

"Mwambie hapana neno."

Mama yangu alikuwa anajificha jikoni kucheka. Mimi sikucheka. Nilimwona mume wangu akishusha macho.

Wajomba zake na baba zake wadogo walikuwa mbali, na wao pia walikuwa na yao. Kijana amekwenda pwani, ameoa pwani, hakuuliza mtu. Ujumbe ulikwenda kwa midomo ya watu, haukurudi.

Basi siku moja akaniambia, "Mama Nyakio, nitakwenda mwenyewe. Nitawapigia magoti. Nitarudi na wazee kabla mtoto huyu hajazaliwa, azaliwe kwa baba anayejulikana."

"Panda basi," nikamwambia.

"Basi linakufikisha tu. Mimi nataka wanione nikiingia."

Alikuwa na pikipiki ya Kijapani, kuukuu, aliyouziwa na padri mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Aliipangusa kila jioni kama anaogesha mtoto. Injini ilikuwa nzima. Matairi ndiyo yalikuwa yamekwisha, upara mtupu.

Hapo ndipo yakaanza mambo ya matairi.

Fundi wetu alikuwa Dena, kijana wa Kigiriama aliyekuwa na kibanda nyuma ya soko. Hodari wa kazi, na mdomo wake haukupumzika.

"Bwana Nahashon, umekuja kununua ama umekuja kuposa?"

"Nimekuja kuangalia."

"Umeangalia tangu Ramadhani! Matairi yenyewe sasa yanaona haya."

Nahashon hakujali. Alichuchumaa, akabonyeza mpira kwa ukucha, akanusa, akapitisha kidole kwenye mifereji. Mara nyingine nilifuatana naye, nikakalishwa kwenye kreti ya soda kwa sababu ya tumbo. Dena alikuwa hasahau kuniwekea gunia juu yake ili isiniumize. Nayakumbuka hayo.

"Haya ya meno," Dena akasema, "yatakupitisha mchanga wa Dabaso kama ngamia."

"Na kutoka Mombasa mpaka Nairobi?"

"Yatalia njia nzima. Na mvua ikikukuta konani kwenye lami, utakuwa unatembea juu ya kucha."

"Na haya laini?"

"Hayo ni ya lami. Lakini ufike kwenu, ule udongo mwekundu uwe umenyeshewa, utayumba kama mlevi aliyetoka kwa mkweo."

"Bado si mkwe wangu," Nahashon akasema.

Dena akachukua kitambaa, akafuta mikono iliyokuwa safi.

Nahashon aliuliza madereva wa malori pale kituo cha petroli, lami imevunjika wapi. Aliuliza wapi kuna kokoto, wapi huwa na ukungu. Mwisho akachagua matairi ya katikati, yenye mfereji mmoja ulionyooka katikati na vipande vinene pembeni.

"Ya safari ndefu," Dena akamwambia. "Si bingwa wa lami, si bingwa wa matope. Lakini hayatakutupa."

Siku ya kuyafunga, Dena alinionyesha kipimo cha upepo, kwa sababu nilimuuliza.

"Mama Nyakio, tairi ni upepo. Huu mpira ni nguo tu. Mtu akiwa na mzigo na lami ndefu mbele yake, upepo uwe kamili. Ukipungua, tairi linachemka, linacheza juu ya rimu, mwisho linakata vali, ule mdomo wa kutilia upepo. Hapo hata uwe dereva wa aina gani."

Alijaza. Akapima. Nahashon akapima naye. Wakapeana mikono kama watu waliomaliza kujenga nyumba.

Tuliondoka Malindi mchana, mimi nyuma, Nyakio katikati yetu. Nahashon alikuwa anakwenda kutuacha Dabaso kwa wazazi wangu, alale pale, asubuhi aendelee na safari.

Lami ilikwenda vizuri. Tulipokata kuingia nyumbani, mchanga ukatushika. Ule mchanga wetu mweupe, mlaini kama unga. Pikipiki ilizama, ikayumba, ikazimika. Nilishuka na tumbo langu, nikatembea na mtoto mkononi. Nahashon akasukuma, jasho linamtiririka mpaka kwenye kidevu.

Nilipoinua macho nilimwona baba. Alikuwa juu ya mnazi, amekumbatia shina, anatutazama.

Jioni akaniuliza, "Mwambie mgeni wako, hilo dude lake kesho litapita?"

"Mwambie baba litapita polepole," Nahashon akajibu.

"Hm," baba akasema.

Mama alipika wali wa nazi na samaki, akampakulia Nahashon kichwa cha samaki. Kwetu kichwa ni cha mwenye nyumba. Baba aliona. Hakukataza.

Alfajiri Nahashon akafunga mzigo. Nguo, blanketi, mfuko wa zana, na korosho za kupelekea mama yake. Baba alikuwa amekwisha amka kabla yetu, ameketi chini ya ukingo wa paa ananoa kisu chake cha kugemea.

"Mwambie baba, nikirudi nitarudi na watu," Nahashon akaniambia.

"Leo mwambie mwenyewe."

Alisita. Akamtazama baba, akainamisha kichwa. Na baba, jamani, baba akainua mkono. Kidogo tu, na kisu ndani yake. Lakini aliuinua.

Nahashon alinigeukia, uso wote umefunguka.

"Amenipungia, Mama Nyakio. Umeona?"

"Nimeona. Nenda."

Hayo ya kupungiwa ndiyo maneno ya mwisho aliyoniambia.

Akaingia kwenye mchanga ule ule uliotudhalilisha jana yake, akapita kama anapita sakafuni. Hakuyumba. Hakuweka mguu chini. Nikasema moyoni, kweli mume wangu anajua kuchagua.

Habari ilitufikia kabla ya adhuhuri.

Alikuwa amevuka feri, amepita Mnarani, amekwenda kitambo kwenye lami yenye mikonge pande zote mbili. Tairi la nyuma likaisha upepo ghafla. Walioona walisema pikipiki ilitikisa mkia, ikalala. Hakugongwa na mtu. Kichwa chake kilipiga jiwe la mtaro.

Alivushwa tena kwa feri kurudishwa hospitali Kilifi. Hakufika akiwa hai.

Niliyoyakuta Kilifi sitayaandika yote. Nitaandika la Kanze.

Kanze aliuza korosho pale kwenye feri, upande wa Mnarani. Hakunijua mimi, wala hakumjua Nahashon. Lakini alipomwona analetwa, alivua leso yake ya juu akamfunika, akavuka naye, akakaa naye mlangoni mpaka mimi nikafika. Biashara yake ameiacha kwa watu.

"Mwanangu," akaniambia, "hakuwa peke yake. Nilimshika mkono."

Nikataka kumrudishia leso yake. Akakataa.

"Asubuhi aliposhuka kwenye feri alisimama kwangu," akasema. "Alibonyeza gurudumu la nyuma kwa mguu. Nikamuuliza, baba, kuna nini? Akacheka. Akasema, mama, hivi viatu ni vipya, bado hatujazoeana. Magari yaliyoshuka nyuma yake yakampigia honi, akawasha akaenda zake."

Mfuko wa zana nilikabidhiwa. Ndani mlikuwa na pampu ya mkono, imefungwa kwa kipande cha tyubu. Haikuwa imefunguliwa.

Dena alikuja siku hiyo hiyo. Alilivua lile tairi mwenyewe, mbele ya watu, akaingiza mkono ndani.

"Vali imekatika," akasema. "Ndani kumeungua. Tairi hili lilitembea na upepo mdogo."

"Nani aliujaza?" mtu akauliza.

"Mimi."

"Basi?"

"Nilijaza ukajaa. Nilipima. Naye akapima."

"Fundi yupi atakayesema hakupima?"

Na mji ukapata maneno. Fundi amemuua mwenzake. Fundi alikuwa anapiga domo badala ya kufanya kazi. Hata baba yangu, ambaye hakuzoea kugombana, alimfuata Dena pale msibani akamwambia mbele ya watu, "Wewe ndiye uliyemfunga hayo matairi. Usiketi kwenye mkeka wangu."

Dena akainuka, akaenda kuketi nje, juani. Lakini hakuondoka. Alichota maji, alipasua kuni, alikimbia kupeleka habari. Watu walikunywa maji aliyoyachota huku wakimsema.

Na wale wazee wakaja.

Ndiyo. Wazee wa Nahashon. Safari aliyotaka kuwafanyia, wao wakaifanya kumfuata yeye. Baba yake mdogo, Mzee Dedan, na wenzake, wamevaa makoti mazito katika joto letu. Baba aliwatandikia mkeka. Akawatilia mnazi kwa mkono wake.

Mzee Dedan akasema, "Sisi ndio wenye kijana huyu. Tulichelewa."

Baba akamwongezea mnazi, kisha akasema, "Mkwe wangu alikuwa mtu mzuri."

Mkwe wangu.

Nilitoka nje, nikaketi nyuma ya jiko, nikaiuma leso kisije kikasikika kilio changu. Mama alikuja akaniegemea, hakuniambia nyamaza.

Ikaamuliwa azikwe kwao Nyeri, karibu na baba yake. Baba akasema atakwenda naye. Alikuwa hajawahi kupita Kilifi. Mchanga wake, minazi yake, na baiskeli yake ya kubebea vibuyu vya mnazi, ndiyo dunia yake. Lami aliikanyaga kwa miguu tu.

Gari la kutupeleka Kilifi kuuchukua mwili halikupatikana. Dena ndiye aliyekwenda kuazima pikapu kwa mtu, akaileta, akaiendesha mwenyewe. Baba alitazama kando wakati wa kupanda, lakini alipanda. Mimi na baba mbele, wazee nyuma.

Hatukufika hata nusu ya njia ya kutokea, mchanga ukatushika. Magurudumu yakazunguka yakizama. Wazee wakashuka, wakasukuma na makoti yao. Wapi.

"Ngojeni," baba akasema.

Akashuka. Akaokota mwiba wa mlimau, akapiga magoti kwenye gurudumu, akabonyeza vali. Sssss. La kwanza. La pili. Yote. Dena alisimama anatazama.

"Sasa endesha," baba akamwambia. Lilikuwa neno la kwanza kumwambia tangu ile siku ya mkeka.

Pikapu ikatoka kama inateleza kwenye mafuta.

Baba akapanda, akakung'uta mchanga magotini. Na kwa mara ya kwanza tangu msiba, niliona uso wake umetulia kidogo.

"Ndivyo ninavyofanya na baiskeli, nikiwa nimepakia," akaniambia. "Gurudumu likilegea, mchanga unalibeba."

"Ndiyo, baba."

"Hata mkwe wangu nilimfanyia. Asubuhi ile, nyinyi mmelala. Niliona alivyohangaika jana yake, na wewe na tumbo lako unatembea. Nikasema leo apite vizuri. Nikamtolea upepo, mbele na nyuma. Sikuweza kumwambia. Ningemwita nani? Lakini alipita vizuri, eh? Hakuweka mguu chini."

Sijui nilivyobaki nimeketi.

Mikono ya Dena ilikaza usukani. Hakunitazama. Alikuwa ameelewa, na alijua nimeelewa.

"Alipita vizuri sana, baba," nikasema.

Tukafika kwenye lami. Dena akasimamisha gari, akashuka, akatoa pampu nyuma ya kiti, akaanza kujaza gurudumu la kwanza.

Baba akachungulia dirishani.

"Mbona anayajaza tena?"

Dena alizidi kusukuma pampu.

"Wewe fundi! Si yamekwenda vizuri? Mbona unajaza?"

Dena aliinama pale chini, mikono juu ya pampu. Neno moja tu lilikuwa linatosha. Mzee, upepo ukiwa mdogo kwenye lami, tairi linakata vali. Neno hilo lingemtoa kwenye midomo ya mji mzima, tena mbele ya wazee wa marehemu. Nilimwona analifikiria. Nilifungua kinywa, sikujua nimwombe vipi.

Dena akainua uso. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Hakuna kitu, mzee," akasema. "Ni woga wangu tu. Tangu lile kosa langu, naogopa matairi."

Baba akatikisa kichwa. "Ni vizuri uogope," akamwambia.

Dena akaendelea kupampu.

Kilifi, wazee walipoingia kuuchukua mwili, nilimfuata Dena nyuma ya pikapu.

"Dena, hukukosa wewe."

"Najua, dada. Nilikuwa silali, nikijiuliza kama kweli nilipima. Sasa nitalala."

"Watu watazidi kukusema."

"Wataniacha siku moja. Lakini mzee huyu akijua, hataamka kesho. Ulimwona alivyofurahi kusema mkwe wangu?" Akafuta pua kwa mgongo wa mkono. "Mimi na wewe tumesikia. Inatosha."

Hawakumwacha upesi. Wateja walimkimbia, akafunga kile kibanda, akaenda kuziba matundu ya baiskeli huko ndani ambako hakuna aliyejua habari zake. Kila mwaka nilimpelekea maembe. Kila mwaka aliuliza, "Mzee hajambo?"

Mwanangu alizaliwa, tukamwita Thuku, jina la baba yake Nahashon. Baba ndiye aliyemfundisha baiskeli mchangani. Alimsimulia mara nyingi, "Baba yako alipopita hapa, mimi ndiye niliyemlegezea magurudumu." Na mimi nilikuwa jikoni nikisikiliza, nikisema, ndiyo, baba, alipita vizuri.

Baba alifariki usingizini, mzee sana. Dena alikuja kumzika. Alishika koleo mpaka mwisho. Dena naye tulimzika mwaka huu, na ndiyo maana naandika. Mliomsema Malindi, kama mko hai, jueni hakukosa. Na aliyekosa hakukosa kwa ubaya.

Wajukuu zangu, na nyinyi mnaosoma, nimeombwa niache funzo. Langu ni dogo.

Mume wangu hakuuawa na tairi baya. Alichagua vizuri. Hakuuawa na chuki pia. Alikufa kwa sababu watu wawili waliopendana walikosa jina la kuitana, na mmoja akamtendea mwenzake wema bila kumwambia. Pampu ilikuwa mfukoni. Angesimama kwenye lami, akajaza, akaenda zake, akarudi na wazee.

Kwa hiyo ukimtendea mtu jambo jema, usilifiche kwa aibu wala kwa heshima. Mwamshe. Mwite jina lolote utakalolipata. Mwambie nimekufanyia hivi.

Mwambie kabla hajawasha.